Bomba Linaishia kwa Nani?

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Kama una chungu jikoni, punguza moto. Kama kuna mtu chumba cha pili, mwite aje. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyebuni mtambo wa mvuke wa kiwanda cha karatasi, ule unaotumia mvuke wa presha mbili kwa wakati mmoja. Alifariki dunia wiki iliyopita, nyumbani kwake, mumewe akiwa ameketi kando ya kitanda.

Kiwandani walimwita Bi Presha. Si kwa ugonjwa, jamani. Ni kwa sababu kila akiingia chumba cha mitambo, kabla hata ya salamu, swali lake lilikuwa moja: "Presha inasemaje?" Jina likamganda mpaka anastaafu.

Mimi nilikuwa nimeandaa kipindi cha sifa. Mnavijua vipindi hivyo: alizaliwa, akasoma, akang'aa kuliko wenzake, basi. Mdogo wake wa kike alipofika hapa studio, akiwa na shemeji yake, yaani mume wa marehemu, alinikatisha kabla sijamimina chai.

"Kaka, hayo yaweke pembeni," akaniambia. "Dada alituachia neno. Alisema, redio ikinitaja, ianze na banda. Isipoanza na banda, afadhali wapige muziki."

Basi tunaanza na banda.

Nyuma ya kiwanda cha karatasi kulikuwa na banda la kufulia. Lilikuwa la mabati, sakafu ya saruji iliyopasuka, na pipa kubwa katikati. Mama yao alikuwa dobi. Yeye na wanawake wenzake wawili walifua mashuka ya hospitali. Maji ya kufulia hawakuyachemsha kwa kuni wala kwa mkaa. Yalichemshwa na mvuke wa kiwanda. Bomba lilipenya ukutani, likaingia bandani, likazama ndani ya pipa. Msimamizi mmoja wa zamani aliwaruhusu, akasema mvuke huo kiwanda kimeshamalizana nao, chukueni. Hakuna aliyeuliza tena, na miaka ikaenda.

Mabinti wawili walikulia pale. Nywele zao hazikukauka. Shuleni waliitwa Sabuni Kubwa na Sabuni Ndogo, na Sabuni Kubwa ndiye huyu tunayemkumbuka leo. Mdogo wake anacheka akikumbuka. Anasema dada yake hakuwa mfuaji hata kidogo.

"Alikuwa anakaa tu karibu na bomba, anasikiliza. Mvuke ulikuwa unakuja, unapungua, unakata, unarudi. Akamuuliza mama, mbona unakata? Mama akamwambia, mashine zinapumua, mwanangu. Hapo ndipo alipoharibika kichwa."

Naam, kichwa kiliharibika vizuri. Alisoma, akawa mhandisi. Kisha akaajiriwa na kiwanda kilekile. Wasikilizaji wapendwa, shikeni hapo: kiwanda kilekile. Binti akaingilia geti la mbele, na mama yake akaendelea kufua nyuma ya ukuta.

Ofisini hakuna aliyejua. Yeye hakusema. Na mama, bila kuambiwa, alielewa. Walipokutana getini, mama na furushi lake la mashuka, binti na ovaroli yake mpya, mama alikuwa wa kwanza kusema, "Habari za kazi, mhandisi." Binti akajibu, "Nzuri, mama." Akalisema hilo neno jinsi mtu yeyote anavyomwambia mwanamke yeyote mwenye umri ule. Kisha kila mmoja akashika njia yake.

Mumewe aliniambia hilo kwa sauti ya chini, macho sakafuni. Alisema mkewe alimsimulia mara nyingi, na kila mara alipofika kwenye ile "Nzuri, mama," alinyanyuka akaenda kufanya kazi nyingine.

Sasa niwaeleze mtambo wenyewe, maana bila mtambo hamtaielewa aibu yake. Mimi si fundi, nitaeleza kama nilivyoelezwa nikiwa nimekodoa macho.

Boila ya kiwanda inatoa mvuke wenye presha kubwa. Huo ndio mvuke wenye nguvu. Unazisukuma mashine za zamani za kusaga magogo. Ukimaliza kazi hiyo, unatoka umechoka, presha yake ndogo. Miaka yote mvuke huo mchovu ulikuwa unatupwa nje, kwa lile bomba la bandani. Bi Presha akasema, kuchoka si kufa, huu bado una kazi ndani yake. Akabuni gurudumu la chuma lenye mapanga mengi, wenyewe wanaliita tabaini. Mvuke unayapiga mapanga, gurudumu linazunguka, linazalisha umeme.

Ujanja wake uko hapa. Gurudumu lina milango miwili. Mlango wa mbele ni wa mvuke wenye nguvu, na mvuke mchovu unaingilia mlango wa katikati. Mashine za kusaga zikisimama kupakiwa magogo, mvuke mchovu unakata, sawa na alivyousikia utotoni. Hapo vali ya mlango wa mbele inafunguka yenyewe, inaruhusu mvuke wenye nguvu kidogo tu, wa kuziba pengo. Mashine zikirudi, vali inajifunga. Presha mbili, gurudumu moja, na taa haitikisiki. Nawaambia, nilipoelewa hilo nilitaka kupiga makofi peke yangu.

Siku ya kuutetea mchoro ikafika. Chumba cha mikutano, meza ndefu, vikombe vya chai. Kabla ya kikao, mhandisi mwenzake mmoja, mtu wa utani mwingi, alichungulia dirishani akasema, "Wale mama zetu wa nyuma wanaoiba mvuke, siku hizi hata hawajifichi." Chumba kizima kikacheka. Bi Presha naye alicheka. Mumewe alitaka niliseme hilo wazi: naye alicheka.

Kikao kikaanza. Mhandisi mkuu, ambaye utani ule haukumkuta, akaweka kidole kwenye mchoro, pale bomba linapotoka ukutani. "Na hili linaishia wapi? Kuna anayeutumia mvuke huu?"

Bi Presha akajibu, "Hakuna. Linaishia hewani."

Waliocheka hawakupinga; machoni pao mwizi si mtumiaji. Mchoro ukapita.

Nilimuuliza mumewe swali ambalo hata nyinyi mnaniuliza huko mliko: je, alisahau? Labda siku ile akili ilikuwa kwenye hesabu za mapanga. Akatikisa kichwa. "Hakusahau. Ningependa kukwambia alisahau. Yeye mwenyewe aliniambia, ulimi ulikuwa unajua, na bado ukasema hewani. Aliogopa wakijua mama yake ni dobi, watamwona na yeye mwizi wa mvuke. Akajidanganya kwamba atalirekebisha baadaye, kimyakimya."

Mtambo ukajengwa. Siku ya kuuwasha kukawa na viti vya kukodi, hotuba ndefu kuliko lazima, na utepe. Wakati upande wa mbele wanakata utepe, upande wa nyuma maji yalianza kupoa. Mdogo wake alikuwa bandani.

"Tulikuwa tumeshaloweka mashuka," anasema. "Bomba likanyamaza. Mama akasema, subirini, mashine zinapumua. Tukasubiri. Hazikupumua. Mama akaweka kiganja juu ya bomba. Lilikuwa linapoa huku tunasikia makofi ng'ambo ya ukuta. Nikasema naenda huko mbele nikamuulize. Mama akanishika mkono, akaniambia, kaa hapa, mwenzio yuko kazini."

Mwenzio yuko kazini. Mimi hapo niliomba tusimamishe kurekodi.

Bi Presha alijikaza kisabuni akaenda kwa mama mwisho wa wiki. Alimkuta bandani anachemsha maji kwa kuni, moshi umejaa, macho mekundu. Mmoja wa wale wanawake wenzake alikwisha acha kazi. Mashuka yalikuwa yanachelewa, na hospitali imeanza kununa. Binti alisimama mlangoni hajui aingie vipi.

Mama akauliza, "Mtambo wako unakwenda vizuri?"

"Unakwenda, mama."

"Walikuuliza bomba linaishia wapi?"

"Waliniuliza."

"Ukasemaje?"

Binti akazitazama kuni. Mama akamtazama kidogo, akageukia moto. "Haya. Hebu nisogezee hizo kuni."

Akamsogezea. Mama hakuligusa tena jambo hilo, hata siku moja. Mdogo mtu ndiye aliyechukia, akakata salamu kabisa. Bi Presha aliwahi kumwambia mumewe kwamba ile hasira ya mdogo wake aliiweza. Upole wa mama ndio uliomshinda.

Na sasa sikilizeni kitu kinachouma zaidi. Dawa alikuwa nayo mkononi. Mtambo wake mwenyewe ulikuwa na nafasi hiyo. Ungeweza kulipa banda mvuke wake kwanza, tabaini ikachukua unaobaki, na mlango wa mbele ukaziba pengo. Ndiyo maana ya presha mbili. Ilihitaji tawi moja la bomba, vali moja, na sentensi moja kikaoni. Tawi na vali alivichora upesi. Sentensi ndiyo iliyokwama. Alijaribu kuipiga chenga. Akaandika, "matumizi mengine ya mvuke mchovu." Mhandisi mkuu akamrudishia: matumizi gani? Akanywea. Kikao kikapita, kikaja kingine, mama anapuliza kuni.

Hatimaye akasimama kikaoni.

"Lile bomba haliishii hewani," akasema. "Nilidanganya. Linaishia kwa mama yangu. Anafulia pale mashuka ya hospitali, na mvuke ule ndio ulionisomesha."

Yule mtu wa utani akajishughulisha na kikombe chake. Mhandisi mkuu akauliza taratibu, "Mama yako ni nani?"

"Yule ninayemsalimia getini kama simjui."

Hakuna aliyemfukuza kazi, wala aliyemcheka. Aliyoyaogopa yote hayakutokea. Mhandisi mkuu alisema tu, "Ungelisema siku ile, ingekuwa kazi ya mchana mmoja." Bi Presha alisema maneno hayo yalimwingia kuliko tusi.

Tawi likafungwa. Mvuke ukarudi bandani, na taa za kiwanda hazikutikisika. Lakini hospitali ilikuwa imekwisha wapa watu wengine mashuka yake, na kifua cha mama kilikuwa kimeshika moshi. Pipa linachemka, hakuna cha kufua.

Mama akaangaza huku na huku. Akamwambia binti, "Vua hiyo ovaroli."

Akaifua. Akaisugua kola, akaikung'uta, akaianika. Haikuwa imekauka vizuri alipomvisha na kumfunga vifungo kama mtoto wa chekechea. Wakatoka wakazunguka ukuta, wakaingilia geti la mbele wote wawili. Mlinzi akauliza, huyu ni nani? Bi Presha akasema, "Huyu ni mama yangu mzazi." Akampeleka mpaka kwenye tabaini. Mama akaisikiliza, akasema, "Hii haipumui." Binti akamwambia, "Inapumua, mama. Ila haisikiki."

Mama hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Bi Presha aliendelea na kazi, akabuni mitambo mingine, akafundisha vijana wengi. Walimwogopa kwa jambo moja. Hakukubali mchoro mpaka mwenye mchoro amelifuata kwa miguu yake kila bomba hadi mwisho. Na hakuuliza bomba linaishia wapi. Aliuliza, "Linaishia kwa nani?" Ukimjibu hakuna mtu, alikurudisha ukaangalie tena, na mvua ikinyesha ni shauri lako.

Walipotaka kumpa tuzo, alikataa kupanda jukwaani. Wengine wakasema ni mtu wa majivuno. Haikuwa majivuno. Aliona haya. Haya hiyo aliibeba mpaka mwisho, na mimi sitaipamba kwa kusema ilimfanya kuwa bora. Ilimuuma, na alitaka mjue kwamba ilimuuma.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote hapa studio, tunampa pole mume wa marehemu, tunampa pole mdogo wake, watoto wake, na mafundi wote waliowahi kurudishwa na Bi Presha kwenye mvua. Mungu awape subira, na marehemu apumzike kwa amani. Na wewe unayesikiliza, jiulize kimoyomoyo: ni nani aliyekuchemshia maji mpaka ukapata jina, na ukiulizwa mbele ya watu, utamtaja? Kama yuko hai, usimsubirishe.

Namalizia kwa aliyonipa mdogo wake mlangoni, akiwa ameshaaga. Wale ndugu walipatana, lakini habari za banda hawakuwahi kuzizungumza. Katika ugonjwa wa mwisho, mdogo mtu ndiye aliyekuwa anafua mashuka ya dada yake, kwa mkono, ndani ya beseni, kando ya kitanda.

"Siku hiyo akanitazama nafua," akaniambia. "Akasema, mdogo wangu, naona haya. Nikajua anasema nini. Nikachukua mkono wake, nikautia kwenye beseni pamoja na wangu. Nikamwambia, tulia, dada. Maji ni ya moto."