Saulo Mwambene, Karani Aliyeipinga Orodha Yake

Ndugu waombolezaji, mchungaji, na ninyi mliotoka Madibira, Iringa na hapa Soweto, Mbeya, kuja kutusindikizia mzee wetu, familia inawaomba masikio yenu kwa muda mfupi, tusimuliane njia aliyoipita Saulo Isaka Mwambene hadi kufika leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956, wilayani Rungwe, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Isaka na Bi Lugano, akasoma shule ya msingi mwaka 1965 hadi 1971, na ingawa alichaguliwa kwenda sekondari, msiba wa baba yake ulimrudisha nyumbani kuchuma chai, mpaka mwaka 1979 alipoajiriwa Usangu kupima maji ya mifereji, na mwaka 2001 akawa karani wa skimu ndogo ya umwagiliaji ya wakulima wa mpunga, jirani na Madibira.

Tarehe 12 Novemba 1983, huko Tosamaganga, alifunga ndoa na Roza, binti wa Kihehe asiyejua kupamba maneno, wakajaliwa watoto watatu, Gideon, Sarah na Andendekisye, pamoja na wajukuu saba.

Mwaka 2022 skimu ililetewa programu ya akili unde, iliyosoma picha zilizopigwa kutoka angani na kutaja mashamba yaliyotelekezwa ili yagawiwe wengine, na marehemu, aliyeamini kwamba kisicho na ndugu hakina upendeleo, aliisoma orodha yake mbele ya mkutano tarehe 13 Agosti, majina kumi na tisa, bila kukanyaga shamba hata moja. Jina la saba lilikuwa la Minza, mjane wa Kisukuma mwenye watoto wanne na shamba hilo moja tu, naye akasimama akasema, Karani, huyo mtazamaji wako wa juu ameona magugu, mbona hakuona turubai la msiba? Watu wakacheka, Minza hakucheka. Mumewe alikuwa amefariki tarehe 28 Desemba mwaka uliotangulia, na kwa desturi ya nyumba yao mjane hatii mkono kwenye tope mpaka arobaini ipite, na ilipopita, miche ilikuwa imekwisha kuzeeka kitaluni.

Jioni hiyo marehemu alisukuma sahani ya ugali, akimweleza mkewe kwamba orodha ni ya mashine, si yake, na Roza akamjibu kwamba mdomo ulioisoma ameuona na si wa mashine, basi ale, kesho apande baiskeli. Siku nne alizunguka mashamba yote kumi na tisa, akakuta kumi na matatu yametelekezwa kweli, na sita ni ya wafiwa na wagonjwa. Viongozi walimwonya kwamba karani anayekanusha karatasi yake hana kazi, lakini tarehe 20 Agosti alisimama palepale aliposimama mwanzo, akawaomba radhi wale sita kwa majina, akayafuta majina yao kwenye orodha ile, akataka iandikwe kwamba jina la mtu lisiondolewe kwenye daftari la mashamba na mashine pasipo binadamu kufika shambani, mwenye shamba kusikilizwa mbele ya wenzake, na anayeamua kutia sahihi yake, ili ajulikane wa kuulizwa. Mkutano ulipitisha kwa mikono yote, kazini hakufukuzwa, programu ikaendelea kutumika chini ya masharti hayo, na msimu uliofuata Minza alivuna magunia ishirini na mawili, akamletea marehemu debe moja, akisema ni la kumfunga mdomo asisome tena orodha.

Alistaafu Juni 2023 akiwa mtu mwenye furaha. Mwaka uliofuata figo zilianza kumsumbua, akatibiwa Mbeya na baadaye Tosamaganga, alikofariki kwa utulivu asubuhi ya tarehe 3 Mei 2025, Roza akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomweleza kila dawa kabla ya kumpa, majirani wa Soweto waliopika na kulala nasi, na wanaskimu wenzake, ambao tangu juzi wameacha mashamba yao bila mtu ili wawe hapa, na ambao, kama mwenyekiti alivyotuambia asubuhi, hakuna hata mmoja aliyeogopa kufutwa kwa sababu hiyo.

Saulo, kazi yako imesomwa na wenye mashamba wameiitikia. Pumzika kwa amani.