Fundi Anakwenda Kunyooshwa Jicho

Pale kijiweni, nje ya duka la kinyozi, kila mtu anaijua desturi ya Fundi Cherehani. Akitaka kusema nawe anakugusa goti kwanza, maana kwa makengeza yale, ukingoja akutazame mtaitika wawili. Kesho asubuhi anakwenda kunyooshwa jicho, kwa sindano ya ganzi tu, hakuna kulazwa usingizi. Daktari amemwambia aje na mtu wa kumshika mkono. Tangu kahawa ya kwanza Fundi anatafuta pa kuanzia kuomba, na wenzake hawampi hata nafasi ya kumeza mate.

Dereva wa lori ndiye aliyelianzisha.

— Wanalitoa jicho, wanaliweka kwenye sahani. Unajiona mwenyewe umelala, mdomo wazi.

— Muongo wewe, Kinyozi akamkatiza. Jicho haliondoki. Wanaufungua msuli, wanausogeza, wanaushona. Ila ukivutwa tu, moyo unapunguza mwendo. Mteja wangu mmoja alimtapikia daktari mpaka kwenye viatu.

Fundi akajishika kifua. Moyo ulikuwa unakwenda, tena mbio.

Mwalimu Mstaafu akasema wote wawili hawajui kitu. Kwa maelezo yake, ganzi hulegeza ulimi: daktari anakwambia tazama juu, tazama chini, na wewe huku unamwaga siri za mtaa mzima. Dereva akaacha kucheka. Akamsihi Fundi aahirishe, kwani makengeza hayajamuua mtu.

Fundi alitamani kuwaambia amechoka. Mjukuu wake, babu akimwita, hugeuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa. Hilo linamuuma kuliko sindano yoyote, lakini utalisemaje mbele ya watu wanaozungumzia sahani?

Hapo akaja mteja wa Fundi, mgeni mtaani, kufuata suruali yake. Akasimama, akasikiliza weee, kisha akauliza:

— Na kesho nani anakwenda naye?

Kinyozi akakumbuka kuna kiti cha kufuta. Mwalimu akachungulia kikombe kilichokwisha kitambo. Fundi hakugusa goti la mtu. Aliwatazama tu, na kila mmoja akaona ni yeye anayetazamwa.

Dereva akasonya, akasogeza goti lake.

— Gusa basi, yaishe. Lakini mimi nitafumba macho.