Visanduku Vinne vya Chini

Ndugu, majirani na wenzake wa kazini, huyu tunayemsindikiza leo, mliyezoea kumwita Mzee Visanduku hata wengine mkasahau kwamba alikuwa na jina, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, kitinda mimba wa seremala na mkewe, na dada yake mkubwa, ndiye huyu anayewasomea, alimbeba mgongoni na anakiri kwamba alikuwa mzito na mwenye kulialia.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia Januari 1959 hadi 1966, kisha sekondari hadi Novemba 1970, ambako hesabu zilimkubali na mpira ukamkataa katakata, na tarehe 3 Mei 1971 akajiunga na jeshi, na kwa sababu ya mwandiko wake mzuri akapelekwa kwenye ghala la vifaa, alikofanya kazi mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 1996. Humo ndimo alimopata rafiki wa kufa na kuzikana, aliyeitwa Mrefu, ambaye tarehe 9 Juni 1983 aliangukiwa na rundo la masanduku ya risasi akafariki papo hapo, na taarifa iliyoandikwa kwa mwandiko ule mzuri ikasema kwamba Mrefu aliyapanga kizembe.

Tarehe 17 Desemba 1977 marehemu alifunga ndoa na fundi cherehani, wifi yetu mpenzi, wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, na wote watawaambia kwamba meza ya kulia chakula nyumbani kwao haikuwahi kuwa ya kulia chakula.

Maana baada ya kustaafu alijiunga na chama cha mafundi wa sanamu ndogo, wanaounda vifaru, malori na askari wa kimo cha kidole, yeye akachagua masanduku, na jamani, huyu mtu alikuwa na mikono. Alichana vijiti vya aiskrimu kwa wembe vikawa mbao, akavipaka chai ya rangi ili vizeeke, akakata pini zikawa misumari, akasokota uzi wenye nta ukawa vishikio, akaandika namba kwa brashi ya unywele mmoja wa paka wa jirani, na kila kisanduku, kidogo kuliko kiberiti, kilifunguka. Wifi aliwahi kufagia shehena nzima akidhani ni takataka, na marehemu akapekua pipa la taka hadi jioni bila kumlaumu.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa sanamu ya lile ghala la jeshini, lenye rundo la visanduku arobaini na vinane, nayo ilimshinda kwa miaka kumi na tisa kwa sababu ya visanduku vinne vya chini, alivyovitengeneza, akavivunja, akavitengeneza tena, sisi tukimcheka kwamba amepata ugonjwa wa ukamilifu. Agosti 2017 mikono ilianza kutetemeka, daktari akasema ni mishipa ya fahamu, hivyo wifi akaanza kumkatia mbao yeye akielekeza, na siku moja akamwuliza mumewe kwa nini vile vinne vinatakiwa viwe vimeoza, na kwa nini kila mara anaishia kuvifanya vizima.

Hapo mdogo wangu alilia, akasema kwamba masanduku ya chini ya rundo lililomwua Mrefu aliyapokea yeye, akayaweka kwenye sakafu yenye maji bila chaga za kuyainua, akaahirisha kuyahamisha msimu mzima wa mvua, na yalipooza na kuporomoka, akaandika jina la Mrefu kuokoa lake. Wifi hakumbembeleza, aliloweka mbao nne kwenye siki mpaka zikalegea, wakamaliza kazi, na tarehe 10 Februari 2019 wakamwita mjane wa Mrefu, ambaye aliangalia lile rundo, akasikiliza yote, akaondoka bila kugusa chai yake. Mwezi huohuo marehemu aliandika barua jeshini kusahihisha taarifa ile, kwa mwandiko uliokuwa umeharibika kabisa.

Alifariki tarehe 21 Aprili 2023, saa nne asubuhi, kwa nimonia, akiwa ameniagiza niwasomee haya yote leo, nisiruke hata neno, na mimi niligoma, kwa sababu nilitaka mumkumbuke kwa mikono yake tu, kisha nikaona kwamba hilo la kusema ukweli akiwa mzee, anatetemeka, na hakuna aliyemshika shati, ndilo lililomgharimu kuliko yote aliyowahi kuunda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, majirani waliotuletea viti, wenzake wa ghalani na wa chama, na tunamshukuru mjane wa Mrefu, aliyeketi pale mbele, ambaye hajatuambia kama amesamehe, wala hatukumwuliza. Mama, miaka arobaini watu wamekuambia kwamba mumeo alikuwa mzembe. Familia hii inasema mbele ya wote, mumeo aliyapanga vizuri.

Mdogo wangu, nimesoma yote, sasa pumzika kwa amani.