Kompyuta Mbili za Benki ya Damu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu mpya wa hospitali; wakuu wa idara, wauguzi na wenzetu wote: waliotuzidi umri shikamooni, wengine hamjambo.

KARIBU
Sisi wa benki ya damu na chumba cha kompyuta tumefurahi umeanzia kwetu. Utuwie radhi kwa joto; feni imeelekezwa kwenye kompyuta, watu tumeshazoea.

TULIKOTOKA
Programu inayotuonyesha damu ipi ipo jokofu gani ina miaka kumi na mmoja kazini. Aliyeiandika ni fundi wetu mkuu, huyu aliyejificha nyuma ya mlango, tunayemwita Mama Pumzi. Aliiweka kwenye kompyuta mbili zinazochungana: moja ikinyamaza, nyingine inashika kazi. Na kila Jumanne asubuhi alikuwa akizima moja na kuiwasha upya, nyingine ikiendelea. Anasema programu ikikaa muda mrefu bila kupumua hujaa takataka, mwisho huelemewa.

Tulimcheka. Mlinzi alimwuliza, "Mama, mbona unamtibu asiyeumwa?"

Akamjibu, "Mwanangu, huyu akiumwa, anayekufa si yeye."

TUNACHOJIVUNIA
Mwezi uliopita, saa sita mchana, mzazi mmoja aliyetoka kujifungua alikuwa akivuja damu chumba cha upasuaji, na damu ya kundi lake ni adimu. Muuguzi akiwa katikati ya kuandika ombi kwenye skrini ya benki ya damu, kompyuta ya kwanza iliungua huku chumba cha kompyuta. Ya pili ikapokea palepale. Alisoma: jokofu la tatu, rafu ya chini, mifuko miwili. Akaichukua mbio.

Baadaye tulimwambia kompyuta ilimfia mkononi. Akashangaa, "Ipi? Mimi sikuona kitu."

Mama Pumzi aliposikia hivyo alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Mzazi na mwanawe walitoka hapa kwa miguu yao, mmoja akimbeba mwenzake.

KINACHOTUSUMBUA
Iliyoungua haijapata mbadala. Tuliandika barua mbili. Tulijibiwa kwamba iliyobaki inatosha, kwa kuwa haijawahi kuleta tatizo. Ni kweli, mheshimiwa, haijawahi. Ila Jumanne nne zimepita haijapumzishwa, kwa kuwa hakuna wa kuipokea. Mama Pumzi amehamishia kiti chake mbele ya kompyuta hiyo, na chakula anakula hapohapo. Amebakiza miezi mitano astaafu.

TUNACHOOMBA
Tunaomba kompyuta ya pili. Tunaomba pia mafundi wawili wakae na Mama Pumzi, wajifunze kwake angali nasi, na saa yake ya Jumanne iandikwe kwenye ratiba ya hospitali, ili atakayekuja asiione ni mchezo.

Risala hii tulimpa aipitie kwanza. Alifuta kila palipomsifu, akabakiza ombi la kompyuta. Sifa tumezirudisha bila ruhusa yake, na tunamwomba radhi mbele yako.

Mungu akupe afya na utulivu katika kiti chako kipya, na aishike mkono kompyuta hii moja hadi ipate mwenzake.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Benki ya Damu na Chumba cha Kompyuta