Jeneza Lililotufuata Barabarani

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu. Sheikh Abdulaziz, imamu wa msikiti wetu. Bwana Naibu wa Chifu. Bi Hasina, muuguzi wetu. Wazee wenzangu, kina mama, na nyote mlioitika mwaliko. Mmoja kaniambia nianze na mheshimiwa kwa ajili ya cheo, mwingine kaniambia nianze na sheikh kwa ajili ya dini, na mke wangu kaniambia nianze kwa kufunga vifungo. Basi kama nimemruka mtu, aniwie radhi, kichwa changu leo hakijatulia.

Mnanijua. Ni Jumbe, fundi cherehani. Miaka arobaini na mitatu nimeshona kanzu hapa Msambweni, na kazi hiyo mtu huifanya amekaa. Leo nimesimamishwa mbele yenu naitwa mwanzilishi wa Kikundi cha Matembezi Salama ya Wazee. Mwanzilishi! Wallahi sijui nilianzisha nini. Nitawaeleza mambo yalivyokuwa, kisha nyinyi mtaamua kama mtu hupongezwa kwa jambo kama hili au hutakiwa aombe msamaha.

Mke wangu, Bi Tumu, mwaka jana aligongwa na bodaboda akivuka lami pale njia panda. Mguu ulivunjika, na mguu ulipona. Bi Hasina yupo hapa, ni shahidi. Lakini Tumu hakutoka tena nyumbani. Miezi saba, jamani! Bi Hasina akaja, akamwambia, "Mama, usipotembea, mguu huu utakakamaa." Tumu akamjibu, "Nitembee na nani, mwanangu? Huyu mume wangu hata chumvi ya dukani huagiza." Na ni kweli.

Ndipo nikawakusanya wazee kumi na mmoja, nikisema moyoni kwamba tukianza sisi, naye ataona haya, atatoka. Bi Hasina akatupa masharti ya usalama: tusifuate barabara kuu, twende wawili wawili, tuvae nguo nyeupe ili dereva atuone kwa mbali, na tusipige domo tukakosa kusikia honi. Nawauliza, ndugu zangu, kuna kosa gani hapo? Nguo nyeupe alizo nazo mzee wa hapa ni zipi kama si kanzu? Na njia isiyo na bodaboda ni ipi kama si ile ya makaburini?

Mnacheka. Sisi hatukucheka. Tulitoka saa moja asubuhi, kanzu nyeupe, wawili wawili, kimya, tumeelekea makaburini. Na desturi yetu mnaijua: ukiwaona wazee wanakwenda kuzika, huulizi ni nani, unaacha ulichoshika unafuata, na kuuliza utauliza huko mbele. Abdurahman akafunga duka. Fundi Jefwa, ambaye si hata Muislamu, akashuka kutoka juu ya paa na nyundo yake mkononi. Nageuka nyuma, naona watu wasiopungua arobaini! Nikafurahi, siwafichi. Nikasema, kumbe watu wa hapa wanazipenda afya zao namna hii?

Mara namwona Bwana Boga, mtunzaji wa msikiti, anakuja mbio na wanaume watatu, wamebeba jeneza tupu. Anahema, ananifokea: "Mzee Jumbe, mbona mmemtoa maiti bila jeneza? Mmembeba vipi?"

"Maiti gani?"

"Si huyo mnayekwenda kumzika!"

Nikamgeukia Ubeid aliyekuwa ubavuni mwangu, nikamuuliza, "Kwani tunamzika nani?" Ubeid akasema, "Mimi nilidhani ni mazoezi, lakini tangu tupite msikitini nami nimeingiwa na shaka."

Huku tukibishana, habari zilikuwa zimeshafika mtaani kwetu. Jirani yetu Nusra alikwenda kumpa Tumu pole, hali mwenyewe hajui pole hiyo ni ya nani. Tumu akapiga hesabu zake: Jumbe katoka asubuhi hajarudi, wazee wote wako njia ya makaburini, na hakuna mtu aliyekuja kumwambia kitu, na kwetu mfiwa ndiye huambiwa mwisho. Akatoka. Akatoka na kanga mbili bila buibui, kiatu kimoja chake na kimoja changu, mpini wa ufagio ndio mkongojo. Akavuka lami, lami ile ile! Bi Warda muuza mahamri alimwona, anasema hakutazama kulia wala kushoto. Mwanamke kwetu haendi makaburini, lakini yeye alikuja mpaka mwanzo wa njia, akasimama.

Nikamwona. Ndugu wageni waalikwa, niwaambie nini? Miezi saba namwomba Mungu anijaalie kumwona mke wangu barabarani kwa miguu yake, na siku nimemwona, anakuja kwenye mazishi yangu. Nilifurahi, nikaona aibu, nikaingiwa na hofu, yote kwa wakati mmoja, wala sikujua lipi nilifuate. Nikapayuka, "Tumu, umevuka!" Akanitazama toka kofia hadi viatu. "Kumbe u hai," akasema. Akakaa mchangani akalia, kisha akanitolea maneno ambayo mbele ya sheikh siyarudii. Akarudishwa kwa tuktuk. Siku tatu hakunisemesha, na tangu siku ile, wiki ya sita sasa, hajatoka tena nyumbani kwa miguu.

Na wale watu nao! Nilipowaambia hakuna aliyekufa, nilidhani watanipiga. Wakasema maadamu tumeshafika hapa, tumalizie. Kesho yake wakaja tena. Kina mama wakadai kundi lao, Bi Hasina akatuandikisha, na mheshimiwa akatuletea vizibao hivi vya kung'aa ili tusidhaniwe tunazika. Tunakushukuru sana, mheshimiwa. Siku hizi madereva wanasimama kutuuliza barabara tunayoitengeneza itafunguliwa lini.

Mnasema kikundi kimefaulu, na macho yangu yanaona. Ubeid anapanda ngazi za msikiti bila kushikwa. Bi Mwanaima, ambaye alikuwa hapati usingizi kwa maumivu ya magoti, sasa anatuacha nyuma na kututania. Lakini mimi sikuanza kwa ajili ya Ubeid, aniwie radhi ndugu yangu. Nilianza kwa ajili ya mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye hayumo kwenye daftari. Kama mguu uliweza siku ile, leo hauwezi kwa nini? Nimemuuliza Bi Hasina, anasema mguu hauna neno. Nimemuuliza Tumu mwenyewe. Kanijibu, "Siku ile nilikuwa naogopa kitu kikubwa kuliko barabara." Haya, sasa mimi nifanyeje? Nife kila asubuhi?

Leo kaja kwa tuktuk, amekaa kule nyuma, kiti cha mwisho. Asubuhi nilimuuliza kama atatembea nasi baada ya hotuba hizi. Akasema, "Tutaona." Arobaini na sita ni miaka yetu ya ndoa, na mpaka leo sijui "tutaona" ya Tumu ni ndiyo au ni la.

Tumu, nakusemesha mbele za watu kwa kuwa nyumbani hunipi jibu. Sikukusudia kukutisha. Leo tutaivuka lami, Naibu wa Chifu atayasimamisha magari, na hatutakwenda mwendo wa Mwanaima, tutakwenda mwendo wako. Usipokuja nitawaongoza watu sitini huku nikitazama nyuma njia nzima, na huo si usalama.

Nina ukurasa mwingine hapa wa shukrani, watu kumi na tisa... Ngojeni kidogo. Tumu amesimama. Sijui anakuja kwenye mstari au anakwenda zake nyumbani, wallahi sijui. Lakini tuktuk iliyomleta imeshaondoka, kwa hiyo vyovyote iwavyo, anatembea. Mheshimiwa, ukurasa huu niwie radhi uusome mwenyewe. Asanteni nyote kwa subira yenu ya kunisikiliza. Mimi nashuka, maana upande wowote atakaoshika, nakwenda naye.