Risala ya Zamu ya Asubuhi Kuhusu Kreti Zilizo Nyuma ya Hema

Mgeni rasmi, ambaye ndiye Mkurugenzi wetu; Meneja, Msimamizi wa zamu, na ninyi wenzetu wa msumeno, randa na tanuru la kukaushia mbao:

Karibu sana. Tumefurahi kwamba Siku ya Usalama Kazini umekuja mwenyewe, hukutuma mtu. Tumefagia unga wa mbao mpaka kwenye pembe ambazo hatukujua kama tunazo. Lakini tusikufiche: ile risala ya kurasa nne aliyoipitisha Meneja haipo hapa. Tuliyonayo ni hii. Meneja, tuwie radhi, tutazungumza baadaye.

HISTORIA YETU

Kiwanda kilianza na msumeno mmoja na watu tisa. Leo tuko sitini na wanne. Tangu enzi hizo, oda kubwa ikikamilika unatuletea kreti za bia, nasi tunaziita "Asante ya Bosi". Tulizipenda, tusiseme uongo. Asiyekunywa tulimwambia anamwogopa mkewe. Waliokuwa wakisema hayo ni sisi hawa hawa.

MAFANIKIO

Oda zote za mwaka huu tumezitimiza. Sifa kubwa ni ya fundi wa msumeno mkubwa, tunayemwita Milimita, kwa sababu anapima kwa jicho na rula ikija inakuta amepatia. Ameketi safu ya tatu, shati la bluu, na ametupa ruhusa tumtaje. Leo ni siku ya thelathini na mbili hajagusa pombe. Kwetu sisi hiyo ni kazi nzito kuliko oda zote.

CHANGAMOTO

Miezi minne iliyopita kreti zilifika saa tano asubuhi. Saa nane mchana msumeno ukawashwa. Mpokea mbao, dada anayesimama upande wa pili wa meza ya msumeno, akamwambia Milimita, "Kaka, mbona macho mekundu hivyo?"

"Niko fiti, dada. Wewe pokea mbao tu."

Tukacheka. Mgeni rasmi, tulicheka wote, na Msimamizi alicheka. Mbao ya tatu ikaenda upande, na dada yetu akapoteza vidole viwili.

Kwenye daftari la ajali tuliandika kwamba glavu ilinaswa. Ni uongo. Tulikaa watu kumi na mmoja tukaupanga, tukatia sahihi, tukijidai tunamlinda mwenzetu. Tulimlinda na nini? Aliendelea kunywa wiki kumi na mbili nyingine. Akichelewa tunamgongea kadi ya mahudhurio, akizidiwa tunamlaza nyuma ya magogo, Meneja akiuliza tunasema yuko chooni. Kuna siku alikaa chooni saa tatu nzima, na Meneja akampa pole ya tumbo. Tunaona aibu.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi saba. Tumebakiza mawili.

Kwanza, Milimita asifukuzwe kwa haya tuliyoyasema. Apewe ruhusa ya kwenda kliniki kila Alhamisi, kama daktari alivyomwandikia. Na yeyote anayeshindwa na pombe aweze kusema mapema, aondolewe kwenye mashine, atibiwe, bila kupoteza kazi. Kama kuna wa kuadhibiwa kwa lile daftari, anza na sisi kumi na mmoja.

La pili ni la sasa hivi. Tumeona kreti sita zikishushwa kutoka kwenye gari lako. Ziko nyuma ya hema, chini ya turubai. Tunajua umezileta kwa moyo mweupe. Tunakuomba zirudi garini kabla hatujainuka kwenye viti hivi. Milimita ameziona. Tangu zishushwe hajageuza shingo, na jasho linamtoka akiwa kivulini. Saa nane anawasha msumeno. Dereva wako tumeshamwomba. Mlango wa nyuma wa gari uko wazi.

Wenzangu wameniachia maneno machache ya kwangu. Mimi ninayekusomea ndiye mpokea mbao, ndiyo maana karatasi naishika hivi. Kaka yangu huyu nimemsamehe. Mkurugenzi, saa nane nitasimama pale pale, upande wa pili wa meza. Nataka nimtazame machoni nisiogope.

Mungu akurudishe salama kwa watu wako, na sisi jioni atufikishe kwetu na mikono yetu.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Zamu ya Asubuhi,
Kiwanda cha Mbao.