Fomu Niliyoijazia Kwenye Benchi la Jirani

Mwenyekiti, akina mama, na nyie baba zetu wawili mliojikaza kuja leo, nawasalimu kila mtu kwa salamu ya dini yake. Mara ya kwanza nilipoombwa kusimama hapa kutoa ushuhuda nilisingizia tumbo. Leo nimekuja kwa miguu yangu, na hiki ninachosimulia si cha kupigiwa vigelegele, kwa hiyo mnivumilie. Sitataja jina la mtu wala la mtaa yalikotokea haya. Wengine mtahisi. Hisieni tu, msiniulize.

Mimi nasomea ustawi wa jamii, upande wa kusaidia familia. Kwetu ni Kiberege. Nilipochaguliwa chuo, mama alizunguka nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba binti yake anakwenda kusomea kusaidia watu. Basi nikaenda, na nikayapenda mno yale maneno ya darasani. Mtoto kutelekezwa, mtoto kuwa hatarini, mlezi halali. Kila nilichokiona nikakipa jina. Nikija likizo, namsahihisha mama hata anavyomkemea mjukuu wake. Yeye ananiangalia tu, anasema, "Haya, msomi."

Mwaka wa pili tukapelekwa fildi, yaani kufanya kazi ofisini chini ya msimamizi. Nikapangiwa hapa Ifakara, nikapata chumba Viwanja Sitini. Mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke. Mnajua wenyewe wakati huo nusu ya nyumba zinakuwa zimefungwa, watu wako bondeni, wamehamia kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti, wanaamia ndege wasile mpunga. Nami nilijua, nimekulia humo humo. Lakini, ndugu zangu, nawaambia, mtu akishaning'iniza kitambulisho shingoni anaweza kusahau hata anakotoka.

Ikaja taarifa ofisini kwamba kuna nyumba watoto wanakaa peke yao. Nikatumwa mimi. Nikawakuta watatu: binti wa miaka kumi na moja, mdogo wake wa kiume wa saba, na katoto ka kike ka mitatu. Uwanja ulikuwa umefagiliwa vizuri. Hilo nililiona, na sikuliandika.

"Mama yuko wapi?"

"Shamba."

"Atarudi lini?"

"Tukishavuna."

"Nani anakaa nanyi humu ndani?"

"Sisi tu."

"Na huo uji kapika nani?"

"Mimi."

Hakunidanganya hata neno moja yule binti. Alijibu nilichomuuliza. Sikumuuliza jioni wanakula wapi, sikumuuliza wanalala wapi. Baba yao, niliambiwa, aliondoka siku nyingi kwenda kwenye mashamba ya miwa na hakurudi. Nikajiona nimeshamaliza kazi.

Jua lilikuwa kali. Ng'ambo ya njia kulikuwa na duka la bi mkubwa mmoja wa Kiislamu, wale wenye asili ya pwani waliokaa hapa miaka na miaka. Nikamwendea nikasema, "Nipe maji." Nikakaa kwenye benchi lake, nikatoa fomu. Ile fomu ina sehemu ya maelezo ya majirani, na unatakiwa uzungumze na majirani wasiopungua wawili. Mimi nimechoka, nina nyumba nyingine mbili za kutembelea. Nikaandika: "Majirani wamehojiwa. Hawafahamu mzazi alipo, wala hakuna anayewaangalia watoto."

Niliandika maneno hayo nikiwa nimekaa kwenye benchi la mtu aliyekuwa anawalisha wale watoto na kuwalaza nyumbani kwake kila siku. Sikumuuliza kitu. Hata shikamoo sikumpa. Nikanywa maji yangu, nikaondoka.

Namwona mama mmoja pale anatikisa kichwa. Tikisa tu, mama yangu, una haki.

Msimamizi wangu alikuwa na kata kadhaa mkononi. Aliyaamini maandishi yangu, na kesho yake gari likaenda. Mimi sikuwemo. Nilisimuliwa kwamba yule binti alimbeba mdogo wake wa mwisho mgongoni, akakataa kumshusha, akapandishwa naye hivyo hivyo. Bi mkubwa akatoka dukani mbio, ushungi umemdondoka, anapiga kelele, "Hao niko nao mimi! Mama yao kaniachia mimi!" Akaulizwa, wewe ni ndugu yao? Akasema si ndugu, ni jirani. Na karatasi ilikuwa inasema majirani hawajui kitu. Watoto wakapelekwa kwenye makao ya watoto, mbali, nje kabisa ya wilaya.

Mama yao alipata habari kwa mtu aliyepita na baiskeli. Bonde lilikuwa limejaa maji, akatembea, akavuka alipoweza kuvuka, siku ya tatu akafika ofisini. Nilikuwepo, natoa kopi. Aliingia na tope limemkaukia mpaka magotini. Akasema, "Shikamooni. Nimeambiwa kuna mtu hapa ameandika habari za wanangu. Ni nani, nimweleze?"

Nimweleze! Hakusema nimshitaki. Alidhani kuna mtu hajaelewa vizuri, akishaeleweshwa yataisha. Nami niliinamia ile mashine, nikapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Akaambiwa asubiri. Akakaa mlangoni mpaka ofisi ikafungwa. Kesho akarudi. Wiki nzima akarudi. Huko nyuma ndege na nguruwe pori wakaumaliza mpunga wake, maana wa kuulinda alikuwa amekaa kwenye kizingiti chetu. Kila siku nilimpita pale nikamwambia, "Pole, mama," kama mgeni.

Hapo ndipo nilipoanguka, ndugu zangu. Watu wanadhani kuanguka ni pombe au ni mimba. Mimi nilianguka nikiwa na suti ya ofisini na viatu safi. Chakula kilinishinda. Nikifungua daftari la chuo, kila ukurasa naiona fomu ile. Nikaacha kwenda kazini, nikazima simu, nikalala chumbani mchana kutwa nimegeukia ukuta. Zilikuwepo siku nilizotamani nisiamke. Nalisema hivyo hivyo lilivyo, maana tukilificha hapa tutalisemea wapi? Kusali nilijaribu. Nilikuwa nasema "Mungu wangu," halafu naishia hapo, kwa sababu kilichofuata nilikijua na sikutaka kukifanya. Nikisema nilidanganya, chuo kimekwisha. Nikinyamaza, watoto wanabaki kule. Nikanyamaza siku baada ya siku.

Mwisho nikaenda kwetu. Mama alikuwa uwanjani anapepeta mchele. Nikamwaga yote, huku nangoja aniambie pole. Hakuniambia.

"Kwa hiyo aliwaacha kwa jirani, akaenda kuamia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilikuacha. Kila mwaka, tangu ulipoacha ziwa."

"Najua."

"Sasa mimi ungeniandikia nini?"

Nikalia. Ungo wake haukusimama. Akasema, "Usinililie mimi, hujanikosea. Nenda kalie huko uliko na deni la machozi."

Nikarudi Ifakara siku ile ile, nikaenda moja kwa moja dukani. Nikapiga goti. "Shikamoo, bi mkubwa." Alipanga sabuni zake kwanza.

"Marahaba. Leo umeniona?"

Nikamweleza. Akasema, "Siku ile nilikuona unaandika, nikasema huyu ni wa ofisini, hana haja na mimi. Wallahi ningejua unawaandika wale, ningekunyang'anya hiyo kalamu." Akanipeleka ndani kwake. Akanionyesha mkeka waliolalia watoto watatu, na gunia la mchele alioachiwa na mama yao, halijaliwa hata nusu. Halafu akafunga duka mchana kweupe, akajitanda, akasema, "Haya, tangulia."

Nikasema mbele ya msimamizi, bi mkubwa amesimama pembeni yangu: "Nilidanganya. Sikuhoji jirani hata mmoja." Msimamizi akaniuliza kama najua maana ya maneno hayo kwangu. Nikasema najua. Fildi yangu ikafutwa, nikaitwa chuoni, nikarudishwa mwaka. Walikuwa na haki ya kunifukuza kabisa.

Kisha nikatoka nikamwambia mama wa watoto mwenyewe. Hakunipiga, hakunitukana. Alisema, "Kumbe ni wewe uliyekuwa kwenye mashine." Ningependa angenipiga.

Na msije mkadhani watoto walirudi kesho yake. Kuwachukua ilikuwa kazi ya siku moja, na kuwarudisha ikachukua miezi mitano. Barua hii, kikao kile, mtu wa kukagua nyumba, hakimu amesafiri. Siku waliyoshushwa nilikuwepo, nimesimama mbali. Wakubwa wawili walimkimbilia mama yao. Kale kadogo kalisimama palepale, kakamwangalia, kakamwita "anti", kama walivyozoea kuwaita walezi wa kule. Mama akaitika, "Abee, mwanangu," akacheka ili mtoto asiogope. Halafu akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko.

Mwaka niliurudia, na fildi yangu ya pili nimefaulu. Sasa najitolea katika ofisi ile ile nikisubiri kumaliza chuo. Namshukuru msimamizi wangu, ambaye angeweza kunitupa, lakini alibeba aibu yangu pamoja na yake. Namshukuru bi mkubwa, anayeniita "Mwandishi" mbele ya wateja, na nastahili. Namshukuru mama yangu. Nawashukuru nyie, mlioniacha nikae kwenye vikao vyenu miezi mingapi sijui bila kutoa neno, na hakuna aliyenisukuma.

Na kama nina somo la kuwaachia, hasa mabinti mnaotaka kusomea kazi hii: ukitaka kujua nani anamlea mtoto, piga hodi kwa jirani, na umwamkie kwanza. Kama hukumuuliza mtu, acha nafasi wazi kwenye karatasi. Utagombezwa, lakini nafasi iliyoachwa wazi haimpandishi mtoto wa mtu kwenye gari.

Ningemalizia hapo, ushuhuda ungekuwa mzuri. Lakini juzi yule mama amekuja ofisini. Msimu umefika tena, majirani zake wote wameshashuka bondeni, yeye bado yupo. Alikaa mbele yangu, akasema, "Naomba uniandikie karatasi. Iseme kwamba nimeruhusiwa kwenda shamba, watoto nimewaacha kwa jirani, na jirani anajulikana. Nitampa bi mkubwa aibandike dukani."

Nikamwambia, "Mama, karatasi ya namna hiyo haipo. Mtu haombi ruhusa ya kwenda shambani kwake."

Akaniangalia, wala hakuwa na hasira.

"Mbona ya kuwachukua ilikuwepo?"

Aliinuka akarudi nyumbani, na mpaka leo ninapozungumza nanyi hajaenda shamba. Nakaa, mwenyekiti.